Mshipi wa Mlimani na Mshipi wa Pwani

Asubuhi ya kwanza niliyovua kwa inzi bandia katika Ziwa Rutundu, upande wa kaskazini-mashariki wa Mlima Kenya, niliimaliza nikipambana na mshipi wangu mwenyewe. Ziwa hilo dogo lipo kwenye mwinuko wa takriban mita 3,100, juu ya mpaka wa msitu, na maji yake yana baridi inayotia ganzi vidole. Mshipi ulikuwa mpya. Muuzaji aliyeniuzia Nairobi alinionyesha maandishi ya kwenye boksi yaliyosema kuwa umetengenezwa kwa ajili ya nchi za joto, akaniambia kwamba sisi tunaoishi kwenye ikweta hatuna mwingine wa kutufaa zaidi, nami nikaona maneno yake yana mantiki. Kila nilipourusha, ulitua juu ya maji ukiwa umejiviringa pete kwa pete kama springi ya godoro. Trauti walikuja, niliwaona wakigeuka chini ya inzi bandia, mbavu zao zikimetameta, lakini mvuto wa mkono wangu ulilazimika kuzinyoosha kwanza pete zote zile kabla ya kuifikia ndoana, na kufikia hapo samaki alikuwa amekwisha kuitema.

Miezi minne baadaye nilirudia kosa hilo hilo kwa upande wa pili. Nilikwenda Watamu na mshipi ambao ulikuwa umenihudumia vyema katika mito ya mlimani, nikasimama juu ya mwamba maji yakiwa yamekupwa na jua la saa sita likiwaka, na haikutimia nusu saa mshipi ule ukawa umelegea kama tambi zilizopikwa, ukinata kwenye pete za fimbo na kukataa kuteleza. Tangu siku hizo mbili nimekuwa mtu wa kuuliza joto la maji kabla ya kuuliza habari za samaki. Hapa nitaeleza sababu, pamoja na jinsi ninavyochagua na kuunga mishipi yangu kwa maji mbalimbali ya nchi yetu, kwa kuwa maelezo mengi yanayopatikana yameandikwa kwa ajili ya watu ambao mito yao ni ya majira manne, ilhali sisi tunaweza kuondoka kwenye baridi kali asubuhi na kulala kando ya bahari usiku wa siku hiyo hiyo.

Mvuvi wa pwani anayevua kwa mshipi wa mkono anajua kuwa chubwi ndilo linaloubeba uzi, yaani ndilo linaloufikisha mbali na kuuvuta chini, na uzi wenyewe hauna uzito wa kutajika. Katika uvuvi wa inzi mambo yamegeuzwa. Inzi bandia ni manyoya machache yaliyofungwa kwa uzi mwembamba juu ya ndoana ndogo, naye hana uzito wa kurushwa hata hatua tatu. Kwa hiyo uzito umehamishiwa kwenye mshipi. Mshipi ndio unaorushwa, na inzi hufuata tu. Fimbo hupinda kwa uzito wa mshipi ulioko hewani, kisha hunyooka na kuusukuma mbele. Ndiyo sababu huumia nikimwona kijana ametumia akiba yake yote kwa fimbo nzuri kisha akaifunga mshipi wowote uliokuwapo dukani. Amenunua upinde wa maana na mshale mbovu.

Mshipi huo una sehemu mbili, kiini na ganda. Kiini ni uzi wa nailoni uliosukwa au, katika mishipi migumu, uzi mmoja mnene au uliosukwa kwa nyuzi nene. Ganda kwa kawaida ni plastiki ya PVC iliyochanganywa na kemikali za kuilainisha. Ikiwa mshipi ni wa kuelea, ndani ya ganda hutiwa viputo vidogo mno vya kioo vyenye hewa; ikiwa ni wa kuzama, hutiwa unga wa metali nzito ya tangsteni. Mshipi wa maji baridi hupewa ganda laini na kiini chepesi kupinda ili ubaki mnyoofu hata penye baridi, na wa maji ya joto hupewa ganda gumu na kiini kigumu ili usilegee juani. Ukiupeleka huu wa pili mlimani, ugumu wake huongezwa na baridi, nao hulikumbuka umbo la rili, yaani gurudumu la kuuhifadhia mshipi, ulimozungushwa wiki nzima. Rutundu iko karibu kabisa na mstari wa ikweta, lakini mshipi hausomi ramani; unachokijua ni joto la maji yanayougusa. Maneno “nchi za joto” kwenye boksi yanamaanisha bahari ya Watamu, Mafia au Shelisheli, ambako wakati wa kaskazi maji hufika karibu nyuzi 28. Hayamaanishi mito ya Gura, Chania na Ragati wala ziwa lolote la mlimani.

Baada ya joto huja namba. Zamani, mishipi ilipokuwa ya hariri, ilipimwa kwa unene na kutajwa kwa herufi, na mpango huo ulitosha kwa kuwa hariri ya unene mmoja ina uzito mmoja. Nailoni na plastiki zilipoingia, unene ukaacha kueleza uzito, na mwaka 1961 chama cha watengenezaji wa vifaa vya uvuvi cha Marekani kikakubali kipimo kipya, ambacho ni uzito wa futi 30 za mwanzo za mshipi, yaani mita 9.1. Mshipi namba 4 una takriban gramu 7.8 katika urefu huo, namba 5 una gramu 9.1, namba 6 una 10.4, namba 8 una 13.6 na namba 10 una 18.1. Namba iliyoandikwa kwenye fimbo ni ushauri wa kuchukua mshipi wa namba hiyo hiyo.

Ushauri huo hufaa pale unaporusha umbali unaokaribia mita hizo tisa. Katika vijito vyetu vya msituni, ambako mara nyingi mita tano au sita tu za mshipi ndizo zinazotoka kwenye fimbo, uzito uliopo hewani ni mdogo kuliko fimbo inavyotarajia, nayo haipindi. Hapo mimi huweka mshipi namba 5 kwenye fimbo namba 4 bila kuona haya. Hata hivyo tahadhari inahitajika, kwa sababu watengenezaji wengi wa siku hizi huuza mishipi iliyo mizito kuliko namba yake bila kulitangaza jambo hilo kwa herufi kubwa. Niliwahi kuupeleka mshipi wangu ulioandikwa 5 kwa sonara mmoja wa Nyeri mwenye mizani sahihi, nikampimia mita 9.1 kwa utepe, akaziweka kwenye sahani: gramu 10.2, karibu sawa na namba 6. Kama ningeuongezea tena namba moja, ningekuwa nimeilemea fimbo bila kujua. Tangu hapo kila mshipi mpya huupima kabla sijauzungusha kwenye rili, na namshukuru sonara yule ambaye hakucheka.

Kuhusu umbo, yako mengi madukani lakini mawili yanatosha kuanzia. Liko la uzito mbele, ambapo mita tisa hadi kumi na mbili za mwanzo ni nene na zilizobaki ni nyembamba za kuteleza nyuma, na liko lililochongoka pande zote mbili, ambapo katikati yote ni nene. La kwanza huenda mbali na kupenya upepo. La pili hutua kwa upole, huviringishwa vyema juu ya maji bila kurushwa nyuma, na likichakaa upande mmoja unaligeuza na kutumia upande wa pili, jambo ambalo kwa mtu wa kipato changu si dogo. Kwenye maandishi ya boksi utaona WF kwa la kwanza na DT kwa la pili, kisha namba, kisha F kwa kuelea, S kwa kuzama au I kwa ule unaozama polepole. Rangi haina uzito mkubwa katika uamuzi wangu. Samaki anapaswa kuona uzi wa mbele, si mshipi.

Mto Gura, unaoshuka kutoka Milima ya Nyandarua, ambayo ramani nyingi huiita Aberdare, ndio ulionifundisha mengi. Ndiko trauti wa kwanza wa Kenya walikopandwa mwaka 1905, mayai yao yakiwa yameletwa kutoka Loch Leven, Uskoti, na husemwa kuwa jambo hilo lilifanywa na mlowezi Ewart Grogan. Mto wenyewe una kasi ya ajabu, mawe makubwa, mianzi na vichaka vinavyofika hadi ukingoni, na kwa kuwa nyati hupenda vichaka hivyo hivyo, mara nyingi nimevua huku askari wa wanyamapori akiwa amesimama nyuma yangu na bunduki. Hakuna nafasi ya kurusha nyuma. Unautandaza mshipi kwa kuuviringisha mbele, na hilo linahitaji tumbo nene la mshipi lililo karibu na ncha ya fimbo. Hapo mshipi wa DT4F, au DT5F kwenye fimbo ya namba 4, hauna mpinzani kwa maoni yangu, na huwashauri wenzangu wasiingie Gura au Chania ya juu na mshipi wa kichwa kirefu uliobuniwa kwa mto mpana wa Montana, Marekani.

Kasi ya maji huleta shida nyingine. Katikati ya mto maji hukimbia, na pale nyuma ya jiwe, alipojificha trauti, maji yametulia. Mshipi ukilala kwenye mkondo, hubebwa haraka kuliko inzi, humburuta, na inzi anayeburutwa akiacha mfereji nyuma yake ni ishara ya hatari kwa samaki. Dawa yake ni kuinua fimbo mara mshipi unapotua na kulipindua tumbo lake upande wa juu wa mkondo, na kuinua mshipi mwingi kadiri uwezavyo usiguse maji kabisa. Mshipi mwepesi wa kuelea, uliosafishwa, huinuka kwa urahisi. Ulio mchafu hunywa maji kwenye ncha na kuzama sentimita chache, na ukishazama huwezi kuupindua. Ncha ndiyo huzama kwanza kwa sababu ni nyembamba na viputo vyake ni vichache.

Sasa niseme kuhusu kuunga, kwa kuwa nimeona samaki wengi zaidi wakipotea kwa fundo baya kuliko kwa kurusha vibaya. Chini kabisa kwenye rili huenda uzi wa akiba, ambao ni wa dakroni iliyosukwa yenye kuhimili kilo 9. Mita 50 zinatosha kabisa kwa mito yetu, na kazi yake kubwa ni kuinenepesha rili ili mshipi usijikunje kwa pete ndogo. Jaza rili hadi ibaki nafasi ya milimita tano hivi ukingoni. Mshipi wenye uzito mbele una ncha ya kufungwa kwenye akiba, kwa kawaida imebandikwa karatasi ndogo, na mtu akiufunga kinyume atashangaa siku nzima kwa nini haurushiki. Akiba na mshipi huungwa kwa fundo ambalo uzi huzungushwa mara sita au saba juu ya mshipi pamoja na msumari au mrija mwembamba, kisha ncha hupitishwa ndani ya mizunguko, msumari ukatolewa na fundo likakazwa hadi liume ganda.

Mbele ya mshipi huja uzi wa mbele, ambao sisi huuita lida, mnene upande wa mshipi na unaopungua kuelekea inzi, na mwisho wake kabisa kipande chembamba cha tipeti. Wengi wetu hutumia vitanzi viwili kuunga lida na mshipi. Vitanzi hivyo vikumbatiane kwa usawa, kila kimoja kikipita ndani ya mwenzake. Kimoja kikimkaba mwenzake shingoni, ganda la mshipi hukatika baada ya safari chache. Nilijifunza hilo kwa gharama ya mshipi ambao haukuwa umemaliza hata msimu. Lida nzuri ina takriban asilimia 60 ya urefu wake katika sehemu nene, asilimia 20 inayopungua haraka, na asilimia 20 ya tipeti. Sehemu nene huendeleza nguvu ya mshipi. Ikiwa nyembamba mno, mshipi utanyooka na lida itaanguka rundo.

Tipeti hupimwa kwa X, kipimo kilichobaki kutoka enzi ambapo uzi ulitengenezwa kwa tezi za hariri za kiwavi wa nondo wa hariri na kuvutwa kwenye matundu madogo ili upungue. Hesabu yake ni rahisi: toa namba ya X kutoka 11, na jibu ni unene kwa sehemu za elfu za inchi. Hivyo 5X ni sehemu 6 za elfu za inchi, yaani milimita 0.15, na 3X ni milimita 0.20. Kuchagua, gawanya namba ya ndoana kwa tatu: ndoana namba 14 itahitaji 5X hivi, na namba 12 itahitaji 4X. Kuunga tipeti na lida, mimi huweka nyuzi mbili sambamba, hufanya kitanzi kimoja kwa zote mbili, hupitisha ncha ndani yake mara tatu, huziloanisha kwa mate, kisha huvuta ncha zote nne kwa pamoja na taratibu. Mate si mapambo. Nailoni ikikazwa kavu hujichoma kwa msuguano, na fundo lililojichoma hukatika siku samaki mkubwa atakapokuja.

Urefu wa lida hutegemea mahali. Chini ya mianzi ya Gura mita 2.1 zinanitosha. Ziwani, asubuhi maji yakiwa kioo, nafika mita 4. Nikivua chini ya maji kwa tunutu bandia, yaani mfano wa mdudu mchanga, natumia uzi wa fluorokaboni, kwa sababu ni nzito kuliko nailoni na huzama. Nikivua kwa inzi wa kuelea naiweka kando kwa sababu hiyo hiyo.

Mvua za masika zikishuka, kati ya Machi na Mei, mito hujaa na kuwa rangi ya chai ya maziwa. Wengi hufunga fimbo zao. Mimi huenda, ila nakaa ukingoni ambako trauti hukimbilia kuepuka nguvu ya maji, na hubadili kila kitu: mshipi wa kuelea wenye ncha ya mita tatu ya kuzama, lida fupi ya mita moja na nusu, tipeti ya milimita 0.20 au zaidi, na chambo cheusi kikubwa mfano wa kisamaki. Katika maji yale samaki haoni uzi, na nguvu ya mto ikiongezeka kwenye nguvu yake hukata kila kilicho chembamba.

Maziwa ya mlimani, Rutundu, Alice na Ellis, yanadai mishipi miwili, na kama mtu ana uwezo wa kununua rili ya pili, anunue kwa ajili ya huko. Asubuhi kabla ya upepo, mshipi namba 5 wa kuelea. Kuanzia saa tano hivi upepo huanza kuvuma na maji hukunjamana, trauti hushuka, na hapo mshipi namba 6 au 7 wa kuzama ndio unaowafikia. Mishipi hii huandikwa kasi yake. Ule unaozama polepole hushuka sentimita tatu hivi kwa sekunde. Wa aina ya 3 hushuka karibu sentimita 7.5, wa aina ya 6, sentimita 15. Maana yake unaweza kuhesabu. Ukitaka kufika mita tatu kwa mshipi wa aina ya 3, rusha, hesabu hadi 40, ndipo uanze kuvuta. Ndoana ikirudi na majani, mara ya pili hesabu 35. Samaki akishika kwenye 30, basi 30 ndiyo namba ya siku hiyo, na mwambie mwenzako mliye naye kwenye mtumbwi, kwani ukarimu wa namba haujawahi kumpunguzia mtu samaki.

Mambo mawili kuhusu mshipi wa kuzama husahauliwa. La kwanza ni lida: iwe fupi, mita moja hadi moja na nusu, vinginevyo mshipi utashuka na inzi atabaki juu akielea mbali na ulichokihesabu. La pili ni kuuinua. Mshipi uliozama haurushwi kutoka chini ya maji, kwa maana uzito wa maji unaweza kuivunja fimbo. Vuta hadi ubaki mfupi, uviringishe mbele mara moja ili upande juu, kisha urushe.

Pwani nitapita kwa ufupi kwa sababu sijavua huko vya kutosha kumfundisha mtu, isipokuwa kuhusu mshipi. Kwa kolekole wa miambani nachukua namba 9 au 10, wa maji ya joto, wenye uzito mbele na kichwa kifupi, kwa kuwa upepo wa kusi hauna subira na samaki hupita mara moja. Uzi wa akiba huko unahitaji kuwa mita 200 au zaidi na wa kuhimili kilo 14. Lida ni fupi na nene, na penye nguru huwekwa kipande cha waya mbele ya ndoana, kwani meno yake hukata nailoni kama wembe. Jioni kila kitu huoshwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Mafuta ya kujikinga na jua na dawa ya kufukuza mbu huyeyusha ganda la mshipi, kwa hiyo nawa viganja kabla ya kuushika.

Mshipi wa mlimani nao huoshwa, kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini kidogo, kisha hupanguswa kwa kitambaa. Wangu nikishausafisha huutoa kwenye rili na kuuning'iniza ukutani kwa pete kubwa hadi safari nyingine. Asubuhi ya kuvua, kabla sijafunga inzi, namwomba yule askari aishike ncha, natembea hatua ishirini kando ya mto, tunauvuta polepole kila mtu kwa upande wake na kuushikilia hivyo kwa muda, kisha ninauacha ulale juu ya nyasi zenye umande na kuutazama kama umelala mnyoofu.